SOMO LA KIKUNDI: MTIHANI WA KUNUNUA NA MTOTO WETU

Somo letu ni la wazazi. Mmoja asome kwa sauti, kisha mjadiliane.

KUONA
Mama mmoja alikuja mkutanoni na karatasi ya hesabu ya mtoto wake wa Gredi ya 2. Alama 9 kwa 25. Akasema, "Mwalimu, huyu wangu kichwa ni kigumu. Afadhali abaki achunge mbuzi."

Tulikaa tukaipitia swali kwa swali. Shule ilikuwa imenunua mtihani uliochapishwa mbali. Ilikuwa muhula wa kwanza, lakini maswali 11 yalikuwa ya kugawanya na kusoma saa, mambo ambayo darasa lao lilikuwa halijafika. Katika yale 14 aliyofundishwa, alipata 9. Karatasi ya mazingira nayo ilikuwa ya Kiingereza, na darasani wanafunzwa kwa lugha ya nyumbani. Tulipomuuliza kwa lugha yake maji ya kunywa hutunzwa vipi, alitueleza yote: kuchemsha, kufunika, kikombe safi.

KUAMUA
Kosa lilikuwa la nani? Mtihani ni kama debe la kupimia mahindi: debe likiwa si sawa, usilaumu mahindi. Mtaala wa KICD unaruhusu lugha ya eneo kutumika kufundishia Gredi ya 1 hadi 3. Basi kipimo kifuate mafunzo.

Inawezekana. Mwaka 2005 kule India walianza kupima watoto nyumbani kwa jaribio fupi liitwalo ASER. Uwezo ilipoleta njia hiyo Kenya mwaka 2009, haikutafsiri tu karatasi za India. Ilitunga maswali mapya kwa kiwango cha Darasa la Pili la hapa kwetu.

Lakini tuelewane: kurekebisha si kurahisisha. Ukitoa picha ya taa za barabarani, weka kitu cha hapa kijijini kinachopima jambo lile lile.

KUTENDA
1. Ombeni kuonana na mwalimu kwa heshima. Yeye ndiye anayejua amefika wapi.
2. Kabla ya mtihani kununuliwa, mwalimu aulinganishe na mtaala. Swali ambalo halijafundishwa lifutwe au libadilishwe, na alama zihesabiwe upya.
3. Swali la lugha ngumu lisomwe kwa lugha ya darasa, isipokuwa mtihani wa Kiingereza wenyewe.
4. Mitihani ya taifa ya KNEC hatuigusi. Hiyo ni sheria.

Yule mtoto hakuenda kuchunga mbuzi. Bado yuko shule, na kugawanya sasa anajua.

MASWALI YA KUJADILIANA
- Je, umewahi kumchapa au kumtusi mtoto kwa sababu ya alama? Uliisoma karatasi kwanza?
- Nani kati yetu ataenda kuonana na mwalimu, na siku gani?