KUULIZA SI UJINGA: KAZI YA KUCHORA UKIWA NYUMBANI

Mwaka huu sikuleta hadithi wala shairi. Nimeleta somo, na mwalimu wangu ni dadangu mkubwa.

Dadangu alisomea uchoraji wa kiufundi, akahitimu, akazunguka na vyeti mpaka soli za viatu zikaisha. Mwishowe alirudi nyumbani, akanunua kompyuta ya mtumba na kujifungia chumbani. Majirani nao hawakukosa la kusema: "Msichana mzima, anashinda ndani tu!" Nami, kusema kweli, nilidhani anacheza gemu. Siku moja nikachungulia. Kumbe anachora ramani ya nyumba!

Kazi yenyewe ni gani?

Zamani mchoraji aliinama juu ya ubao akiwa na penseli na rula. Programu ya AutoCAD ilipotoka mwaka 1982, kazi hiyo ilianza kuhamia kwenye kompyuta. Siku hizi msanifu wa majengo akiwa na mchoro wa mkono, au ramani kuukuu ya karatasi, hutafuta mtu wa kuichora upya kwa vipimo sahihi. Mafundi wa vyuma nao huhitaji michoro ya mageti, madirisha na matangi. Hapo hakuna haja ya ofisi, kwani faili huenda na kurudi kwa mtandao. Lakini mchoraji ni msaidizi tu. Hawezi kujifanya msanifu aliyesajiliwa na kutia sahihi mahali pake.

Kosa lililotugharimu

Dadangu alipata mteja wa Marekani aliyetaka mchoro wa kipande cha chuma cha kushikilia rafu. Malipo yake yangetosha karo yangu. Akakesha siku mbili, akautuma. Baada ya wiki moja barua ikaja: chuma kimetobolewa upande usiofaa, hakuna malipo!

Kosa lilikuwa wapi? Wenzangu mnaosoma uchoraji mnajua kwamba kitu kimoja huchorwa kikitazamwa mbele, juu na ubavuni. Ulaya, umbo la juu huwekwa chini ya lile la mbele, na la ubavu wa kulia huwekwa kushoto. Marekani ni kinyume: la juu huwekwa juu, la kulia huwekwa kulia. Dadangu alifuata mpango wa Ulaya, wala hakuweka ile alama ndogo ya koni iliyokatwa ncha, inayoonyesha ni mpango upi. Fundi akausoma kwa mazoea ya kwao. Mistari yote ilikuwa sawa, lakini kazi ikaharibika.

Muhula huo nilirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, nikakaa siku tisa. Dada alilia, kisha akachukua karatasi, akaandika maswali na kuyabandika ukutani. Haya ndiyo niliyojifunza kwake:

1. Uliza kabla ya kuchora. Vipimo ni vya milimita au inchi? (Inchi moja ni milimita 25.4.) Mpango ni wa Ulaya au wa Marekani? Mteja anataka faili ya DWG au PDF? Karatasi ni ya ukubwa gani?

2. Uwe na mifano ya kuonyesha. Dada alipima nyumba yetu na meza ya jikoni, mimi nikishika futi kamba, akavichora. Michoro mitano safi inashinda barua ndefu ya kuomba kazi. Lakini kazi ya mteja usiionyeshe bila ruhusa yake.

3. Anza na walio karibu. Mteja wake wa kwanza wa kudumu alikuwa fundi wa madirisha hapa mtaani. Huyo ndiye aliyempeleka kwa mwanakandarasi. Kwenye mtandao pia kazi zipo, lakini anayetaka umlipe ndipo akupe kazi ni tapeli. Mkimbie!

4. Pataneni mapema. Bei ni ngapi, siku ngapi, na atarekebishiwa mara ngapi bila kuongeza pesa? Dada haanzi bila arbuni ya nusu.

5. Jifunze sasa. LibreCAD na FreeCAD ni programu za bure. Autodesk huwapa wanafunzi AutoCAD bila malipo, lakini ni ya masomo tu, si ya biashara.

Wenzangu, kompyuta haichoki wala haikosei kujumlisha, lakini haiwezi kukuulizia mteja anataka nini. Hilo ni lako. Yale maswali bado yako ukutani, na karo yangu ya muhula huu imetokana na madirisha ya chuma.

Basi mwenye swali na anitafute darasani. Kuuliza si ujinga. Kwaherini!