Wavuvi wa Newhaven

Mwaka wa 1843 Kanisa la Uskoti lilipasuka. Wachungaji zaidi ya 450 walitoka, kwa kuwa hawakukubali wenye mashamba makubwa wauchagulie usharika mchungaji wake. Wakaacha mishahara na nyumba zao. Mchoraji mmoja wa Edinburgh, David Octavius Hill, akaazimu kuuchora mkutano ule wote katika turubai moja. Lakini nyuso mamia atazikumbukaje? Ndipo Sir David Brewster, mtu wa elimu, alipomshauri amwendee kijana Robert Adamson, aliyejua kupiga picha juu ya karatasi iliyotiwa dawa ya fedha. Ufundi huo ulikuwa mpya. Talbot, aliyeuvumbua, alikuwa amechukua hati mwaka wa 1841 ya kuwazuia wengine wasiutumie bila idhini yake. Ila hati ile ilihusu Uingereza, haikufika Uskoti.

Basi kazi ya wachungaji iliwakutanisha wawili hao. Lakini kwangu kazi yao iliyo bora ni ile ya Newhaven, kijiji cha wavuvi karibu na Edinburgh. Huko waume walivua, wake wakauza. Mwanamke alijitwika kikapu mgongoni, ukanda wake umepita kichwani, akapanda mpaka mjini kunadi samaki.

Msomaji azitazame picha hizo kwa makini. Siku zile mpigwa picha alipaswa kutulia juani kitambo kirefu, pengine dakika nzima au zaidi. Kwa hiyo wanawake wameegemeana mabega, na mkono umewekwa shavuni. Yaonekana ni mapenzi, nami sikatai; lakini pia ni njia ya kumzuia mtu asitikisike. Mashua nazo zi pwani, maana iliyo majini huyumba, na karatasi haiwezi kuishika. Mvulana mmoja amevaa suruali ya baba yake, pana mno. Tena yumo Mchungaji James Fairbairn kati ya wanawake wale wauza samaki.

Mwaka wa 1844 walitangaza kwamba watatoa kitabu cha picha za wavuvi hao; hakikutoka. Adamson alifariki Januari 1848, umri wake miaka 26 tu.

Mchoro wa wachungaji Hill aliumaliza mwaka wa 1866, miaka 23 baada ya mkutano. Nyuso zake zapita 400, zimebanana kama dagaa, hata mwenye subira huchoka kuzitazama. Wale wanawake wa Newhaven, watatu wanne na vikapu vyao, hawachoshi.