Kambi ya Familia Kando ya Mto: Kagua Uwanja Kabla ya Kutuma Pesa

Shule zikifungwa, swali linalosikika Matisi na mitaa mingine ya Kitale ni moja tu: watoto tuwapeleke wapi? Si kila familia inaweza kulipia hoteli ya Mombasa. Lakini hema mbili, sufuria, makaa na gari la kukodi vinaweza kuwapa watoto siku mbili ambazo hawatazisahau. Na huku kwetu maji hayako mbali. Ukishika barabara ya Kapenguria utafika Hifadhi ya Taifa ya Saiwa, ndogo kuliko hifadhi zote za taifa nchini, ambako nzohe wanaishi kwenye bwawa na wageni hutembea kwa miguu. Ukiendelea na barabara hiyo hiyo utateremka hadi Marich, pale Mto Muruny unapopita kati ya milima.

Kila msimu wa likizo wateja hutuuliza: nilipe vipi nafasi ya kambi bila kutapeliwa? Tutajibu hilo. Lakini kwanza tuongee kuhusu uwanja wenyewe, kwa sababu pesa ikishatoka, macho huanza kufumba. Mtu akishalipa kila kitu anaona mawingu meusi mlimani na bado anasema, "Acha tulale, tumeshalipia." Ndiyo maana tunashauri utaratibu huu: uwanja kwanza, malipo baadaye.

1. Angalia kalenda, si likizo peke yake

Trans Nzoia mvua huanza karibu Machi au Aprili na kuendelea hadi Oktoba au zaidi. Maana yake likizo za Aprili na Agosti zote mbili zinaangukia kwenye mvua. Desemba na Januari ndiyo miezi mizuri zaidi ya kulala kando ya mto. Kama lazima iwe Agosti, chagua uwanja ulio juu na utembelee mto mchana tu.

Kumbuka pia kwamba mto haungoji mvua inyeshe ulipo. Nzoia huanzia nyanda za juu za Cherangani na Elgon, na maji yake yamewafurisha watu wa Budalang'i, mbali kabisa kule Busia, hata siku ambazo kwao jua linawaka. Kwa hiyo usiulize tu, "Huko kumenyesha?" Uliza pia, "Milimani kumenyesha?"

2. Soma alama za mto

Hii si hofu ya bure. Novemba 2019 maporomoko ya ardhi na mafuriko yaliua makumi ya watu Pokot Magharibi, na wengi walikuwa wamelala. Aprili 2020 maji na matope yalisomba soko la Chesegon, mpakani mwa Pokot Magharibi na Elgeyo Marakwet. Na Mei 2024 Mto Talek ulipovunja kingo zake, kambi kadhaa za Maasai Mara zilifurika, na watalii wakaokolewa kwa helikopta. Hizo zilikuwa kambi za watu wenye uzoefu na biashara.

Ukifika uwanjani, kabla hujashusha mizigo, tafuta mambo haya:

- Majani makavu, plastiki au taka zilizonasa kwenye matawi. Hapo zilipo ndipo maji yalipofika mara ya mwisho. Hema lako likae juu zaidi ya hapo.
- Mchanga laini uliotandazwa juu ya nyasi. Mto ulipita hapo si zamani.
- Korongo kavu. Linavutia kwa sababu ni tambarare, lakini ni njia ya maji.
- Njia ya kupanda juu kwa miguu, gizani, ukiwa umebeba mtoto. Kama haipo, huo si uwanja wa familia.
- Matawi makavu juu ya kichwa, na mteremko mkali nyuma yako unaoweza kuporomoka.

Maji yakibadilika ghafla kuwa ya udongo, au yakaanza kubeba vijiti, pandeni juu mara moja. Hema utanunua lingine.

3. Kama unakuja na gari

Wengine huja na gari lenye vitanda na jiko ndani, wengine na Noah ya kukodi. Maswali ni yale yale: kuna nafasi ya kugeuza? Ardhi ni changarawe au ni udongo mweusi utakaonasa magurudumu mvua ikinyesha? Kuna mto wa kuvuka kabla ya kufika? Egesha gari likiangalia njia ya kutokea. Na usijaribu kuvuka maji yanayokimbia: kina cha sentimita 15 kinatosha kumwangusha mtu mzima, na sentimita 30 zinaweza kuelea na gari dogo.

4. Sasa tuje kwa pesa

Mpigie mwenye uwanja. Mwombe picha ya leo, si ya mwaka jana, na muulize: mto uko umbali gani kutoka kwa hema? Choo na maji safi viko wapi? Kuna mlinzi usiku? Mvua ikinyesha, narudishiwa pesa au nabadilishiwa tarehe? Jibu la swali la mwisho alitume kwa ujumbe, ili ubaki na ushahidi.

Kisha:

- Tuma kiasi kidogo cha kushikilia nafasi. Salio lipa ukishaona uwanja kwa macho yako.
- Tumia Till au Paybill ya biashara. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea. Kama si la yule mliyeongea naye, simama kwanza.
- Hifadhi za KWS hulipiwa kupitia eCitizen. Usitume ada ya kiingilio kwa namba ya mtu binafsi, hata akisema yeye ni askari wa getini.
- Usifute ujumbe wa malipo. Ndio risiti yako.
- Ukituma kwa namba isiyo sahihi, wasiliana nasi papo hapo, kabla aliyepokea hajazitoa.

Mabondeni mtandao hupotea. Toa pesa taslimu kwa ajenti ukiwa bado Kitale au Makutano, na umuulize mwenye uwanja mapema kama salio utalilipa kwa simu au mkononi.

5. Weka akiba ya kuondoka

Huu hapa mfano wa bajeti ya familia ya watu sita, usiku mmoja kwenye uwanja wa mtu binafsi. Ubadilishe kulingana na hali yako:

- Uwanja: Sh 3,000 (tuma 1,000 kwanza)
- Gari na mafuta: Sh 5,000
- Chakula na makaa: Sh 3,500
- Akiba ya kuondoka: Sh 2,500
- Jumla: Sh 14,000

Akiba hiyo ni ya chumba cha lojing'i mjini kama mto utakataa. Isipotumika, inarudi nyumbani. Lakini ikiwa kwenye simu, baba au mama hatalazimika kupima usalama wa watoto dhidi ya elfu tatu alizolipa.

Hifadhi namba hizi kabla ya safari: 999 au 112 kwa polisi, na 1199 kwa Msalaba Mwekundu. Mwachie jirani au shangazi jina la uwanja na siku mtakayorudi.

Na kama kawaida: sisi hatutakupigia kamwe kukuuliza PIN yako, uwe nyumbani au kambini. Safari njema!