Klaudio wa Ikulu, Prisila wa Mahema



Kuna tamthilia ya zamani ya BBC, *I, Claudius* (1976), iliyotokana na riwaya za Robert Graves. Humo familia ya Kaisari Augusto inamalizana kwa sumu na fitina, kisa kiti. Klaudio ananusurika kwa sababu ana kigugumizi na anachechemea. Wote wanamwona bwege. Mwishowe yeye ndiye anakuwa Kaisari.

Tunazipenda sana hadithi hizi: aliyedharauliwa kapanda juu! Ila fungua Matendo ya Mitume 18:1-3. Klaudio huyohuyo aliamuru Wayahudi waondoke Roma. Akwila na mkewe Prisila wakajikuta Korintho, wakimbizi, wanashona mahema. Na hapo ndipo walipomkaribisha Paulo, akaishi na kufanya kazi nao.

Kumbe kuonewa peke yake hakumfanyi mtu kuwa mwema. Kaisari alipata kiti, akafukuza watu. Waliofukuzwa walipata nyumba, wakafungua mlango.

Tafakari: wewe unayedharauliwa nyumbani au jumuiyani, ukipewa uongozi kesho, nani atafukuzwa? Nani atakaribishwa? Jibu hilo mbele ya Ekaristi.