Juu ni Hasi: Namna ya Kusoma Mwelekeo wa Mawimbi ya Ubongo

Mwanafunzi anayeutazama mchoro wa EEG, yaani kipimo cha umeme wa ubongo, kwa mara ya kwanza hukutana na jambo linalokinzana na hisabati aliyoizoea: mstari unaopanda huitwa hasi, na unaoshuka huitwa chanya. Haya ni makubaliano ya wataalamu tu, lakini asiyeyashika barabara aweza kumpa mtu mwenye afya jina la mgonjwa wa kifafa. Aidha, chanya hapa si ile ya majibu ya malaria au ya virusi vya UKIMWI. Haimaanishi kuwa ugonjwa umeonekana.

Kila chaneli ya mashine hupokea ishara mbili kutoka elektrodi mbili, kisha huitoa ya pili katika ya kwanza. Kinachochorwa ni tofauti iliyobaki, ambayo kwa kawaida ni makumi machache ya mikrovolti. Mstari hupanda pale elektrodi ya kwanza inapokuwa hasi kuliko ya pili. Basi wimbi la juu laweza kutokea kwa njia mbili: ama ya kwanza imekuwa hasi, ama ya pili imekuwa chanya. Chaneli moja peke yake haiwezi kusema ni ipi kati ya hizo mbili.

Ndiyo sababu elektrodi hupangwa kama mnyororo. Chukua mfano wa upande wa kushoto wa kichwa: F7 iko mbele, T3 iko juu ya sikio, T5 iko nyuma yake. Tuseme kwa nukta moja ya wakati F7 ina mikrovolti hasi 20, T3 hasi 100, na T5 hasi 30. Chaneli ya F7 na T3 itatoa chanya 80, hivyo mstari utashuka. Chaneli inayofuata, ya T3 na T5, itatoa hasi 70, hivyo mstari utapanda. Ncha mbili zitaelekeana kwenye karatasi, na elektrodi iliyo katika chaneli zote mbili, yaani T3, ndiyo iliyo karibu zaidi na kilele cha uhasi. Mawimbi makali ya kifafa kwa kawaida ni hasi juu ya ngozi ya kichwa, kwa hiyo sura hii hutafutwa sana.

Hata hivyo, kuelekeana kwa ncha huonyesha mahali tu, wala si ugonjwa. Mtu anapoanza kusinzia, mawimbi hasi ya utosini huelekeana vivyo hivyo kwenye Cz, na hayo ni usingizi wa kawaida kabisa.

Mtego mkubwa zaidi uko kisogoni. Vijana na watu wazima wengi, wakiwa katika usingizi mwepesi, hutoa mawimbi chanya yenye ncha kali kwenye O1 na O2. Elektrodi hizo huwa za pili na za mwisho katika mnyororo. Kwa kuwa O1 ni chanya, chaneli ya P3 na O1 hupanda, na msomaji mwenye haraka huona wimbi hasi lililochongoka. Likiandikwa kuwa dalili ya kifafa, kijana huyo huweza kumeza dawa kwa miaka na kukatazwa kuendesha gari kwa sababu ya usingizi wake mwenyewe. Dawa ya kosa hili ni kubadili mpangilio: kila elektrodi ilinganishwe na rejea moja iliyo mbali na kisogo, kwa mfano sikio. Hapo O1 itashuka, na uchanya wake utadhihirika.

Lakini sikio nalo si shahidi wa kuaminiwa daima, kwani liko jirani na T3. Likipokea hasi 60 kutoka hapo, F3 yenye hasi 10 itaonekana kuwa chanya 50 bila kuwa na uchanya wowote.

Kabla ya yote hayo, inafaa kutazama kupepesa kwa kope. Konea ni chanya ikilinganishwa na retina, na jicho hugeuka juu kope zinapofunga, hivyo Fp1 hupata uchanya na chaneli ya Fp1 na F3 hushuka. Ikipanda, nyaya au mipangilio ya mashine ikaguliwe kwanza.

Kwa mtoto njiti hali ni nyingine. Mawimbi makali chanya kwenye C3, C4 au Cz huhusishwa na madhara katika sehemu nyeupe ya ubongo, na daktari anayeyaona huagiza ubongo wa mtoto upigwe picha ya altrasaundi.