Samaki wa Kupaka kwenye Eafraya: Mwongozo kwa Wapishi wa Kismayo, Visiwani na Ughaibuni

Ukipika samaki wa kupaka kwenye eafraya, usimpake mapema. Katika yote nitakayoeleza hapa hilo ndilo kubwa, na ndilo linalowaponza wengi. Humchovya samaki mbichi katika tui na ukwaju, wakamtia kikapuni, wakafunga. Baada ya robo saa tui limechuruzika chini na kuungua, na samaki mwenyewe ametoka mweupe, mkavu, hana hata alama ya kupakwa. Mashine haina kosa. Juu ya makaa mpishi hukaa na samaki wake: anampaka, anamsogeza pembeni moto ukizidi, anampaka tena. Ndani ya eafraya hakuna jicho linalomwangalia, kwa hiyo utaratibu wa kupaka upangwe kabla ya kuwasha.

Ninaowafikiria zaidi ni Wabajuni na jirani zao wa pwani ya Kismayo. Kuanzia mjini kushuka Koyama, Chovai na Chula hadi Ras Kamboni, samaki ndiye kitoweo cha kila siku. Vita vilivyozuka 1991 viliwatawanya watu wa visiwa hivyo. Wengi walikimbilia pwani ya Kenya, na baadhi yao leo wako Uingereza, katika nyumba za ghorofa zisizo na ua wala pahali pa kuweka jiko la makaa. Hapo nisisitize jambo: makaa yasiwashwe ndani ya nyumba hata siku moja, hata dirisha likiwa wazi. Makaa yanayoungua hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Eafraya ni ya umeme, haitoi gesi hiyo. Kwa mtu wa ghorofani, hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kuitumia.

Chombo chenyewe, ambacho kampuni ya Philips ilianza kukiuza 2010, ni oveni ndogo yenye feni kali. Juu ya kikapu kuna koili ya moto, na feni husukuma hewa ya koili hiyo kumzunguka samaki na kupenya matundu ya kikapu. Hewa hiyo hukausha ngozi upesi. Maadamu ngozi ina majimaji, joto lake halipandi sana kupita nyuzi 100, wakati ule wekundu na harufu ya kubanikwa huanza kujitokeza kwenye nyuzi 140 hivi. Ndiyo maana samaki aliyelowa tui jepesi hachomeki: joto lote linaishia kukausha maji. Akaushwe kwanza, apakwe baadaye.

Kabla ya kununua, tazama umeme wako. Eafraya nyingi za nyumbani hula wati 1,400 hadi 1,800. Ya wati 1,500 ikiwaka dakika 20 mfululizo hutumia nusu uniti, na kwa kawaida pungufu, kwa sababu koili hujizima na kujiwasha joto linapofika. Somalia umeme huuzwa na kampuni binafsi na bei yake huumiza, basi piga hesabu hiyo kwa bei ya mtaani kwako. Wenye sola wasome maandishi ya inveta: ya wati 1,000 haiwezi kuibeba mashine hii. Usiichomeke kwenye waya mwembamba wa kuunganishia pamoja na friji na pasi. Gusa waya baada ya dakika tano, na ukiwa wa moto, chomoa. Na kama una ndugu Marekani anayetaka kukutumia zawadi, mwambie mapema kwamba mashine ya huko ni ya volti 120 na Kismayo tunatumia 220. Ukiichomeka inaungua siku hiyohiyo. Za Uingereza, Oman na Dubai hazina tatizo hilo, ila plagi huenda ikahitaji adapta.

Sasa samaki. Changu, chewa mdogo, tasi au kolekole wanafaa, wa kilo moja hivi kwa kikapu cha lita tano au sita. Apasuliwe mgongoni na kufunguliwa kama kitabu, tumbo libaki limeshikana, vilevile anavyofunguliwa kwa kubanikwa. Samaki aliyefunguliwa hana haja ya kugeuzwa, na kugeuza ndiko kunakomvunja. Kama hatoshi, mkate vipande viwili kwa upana. Aliyeko Glasgow au London ambaye hampati changu atumie sea bream, ambaye madukani huko hakosekani. Akiwa wa barafu, alale ndani ya friji usiku mzima ayeyuke taratibu, si juu ya meza.

Kwa jodari, nguru na vibua, uangalifu uwe mara mbili. Samaki hawa wakikaa juani bila barafu huzalisha histamini, na histamini haifi kwa kupikwa, kwa kukaangwa wala kwa kugandishwa. Anayeila hupata wekundu usoni, kichwa kuuma, moyo kwenda mbio, na mara nyingi mdomo kuwasha kama alikula pilipili, yote ndani ya muda mfupi. Mashua nyingi huenda baharini bila barafu, na jua la kaskazi halina huruma. Muulize mvuvi samaki alitoka majini saa ngapi na alikaa wapi. Ukila ukahisi ule muwasho, acha palepale, na anayepumua kwa shida apelekwe hospitali.

Mkate mishale ndani ya minofu, mpake chumvi, ndimu, kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, pilipili mbichi kwa kiasi upendacho. Dakika 20 zinatosha. Ndimu ikizidi muda minofu inakakamaa. Kisha mpanguse kwa karatasi ya jikoni au kitambaa safi hadi asibaki na unyevu juu, na mpake kijiko kimoja cha mafuta.

Wakati amelala na viungo, fanya kazi ya tui. Hapa usiwe na haraka, kwa sababu sahani nzima inategemea uzito wa tui hili. Chukua tui la kwanza, zito, kiasi cha mililita 300. Wa ughaibuni wafungue kopo bila kulitikisa na wachote ule utandu mzito wa juu. Weka sufuria kwenye moto mdogo pamoja na nusu kijiko cha chai cha bizari ya manjano, kitunguu saumu na chumvi kidogo, na ukoroge bila kuacha. Ukichachamaa moto, tui linakatika. Litapungua polepole. Kwanza mapovu ni madogo na mengi, baadaye yanakuwa makubwa, mazito, yanapasuka kwa uvivu, na mafuta ya nazi yanaanza kumeta pembeni mwa sufuria. Likibaki nusu, tia vijiko vitatu vya ukwaju mzito uliochujwa, maana ukwaju ukitangulia tui linaganda mabonge. Lichovye kijiko, ligeuze, pitisha kidole mgongoni mwake: mstari ukibaki wazi, tui liko tayari. Ukijifunga wenyewe, rudisha motoni.

Washa eafraya tupu kwa nyuzi 200, dakika tatu. Paka kikapu mafuta, mlaze samaki ngozi chini, minofu juu, umwache dakika nane bila tui lolote. Ukifungua utaona juu pamekauka na kingo zimeanza kujikunja. Hapo ndipo kupaka kunapoanza. Shusha joto hadi 180. Paka tabaka la kwanza, jembamba, kwa brashi au mgongo wa kijiko, ukiingiza kwenye mishale. Dakika tatu. Tabaka la kwanza litanyauka na kushika rangi ya majani makavu, na la pili litakalowekwa juu yake halitateleza tena, kwa kuwa lina pa kushika. Dakika tatu nyingine. La tatu lipake nene, na kama unapenda utamu, hapa ndipo pa kuchanganya kijiko kimoja cha asali au cha tende iliyorojwa. Utamu usitangulie: sukari huungua mapema kuliko nazi, na asali huungua mapema kuliko sukari nyeupe. Dakika mbili au tatu za mwisho usiondoke jikoni. Unachotaka ni rangi ya kutu yenye madoa meusi hapa na pale, na mafuta yakichemka juu ya tui.

Samaki mnene hizi dakika hazitamtosha. Kadiria dakika kumi za kupika kwa kila sentimita 2.5 za unene, halafu hakikisha kwa macho: minofu karibu na mwiba iwe nyeupe kabisa, isiwe na ung'avu wa kioo, na iachie mwiba ukiigusa kwa uma. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 63 katikati. Na jani la mgomba, ambalo wengi wetu tunapenda kulitandika, liwekwe tu likiwa limekandamizwa vyema chini ya samaki. Jani au karatasi iliyolegea hupeperushwa na feni hadi kwenye koili, na hapo ndipo moto huanzia.

Kinachokosekana ni moshi, na atakayekwambia haukosekani hajala samaki wa makaa siku nyingi. Mwenye ua afanye hivi: samaki akishatoka, amweke ndani ya sufuria uani pamoja na kikombe kidogo cha udongo chenye kaa moja jekundu, adondoshee samli, afunike dakika tatu. Kaa lisiingizwe ndani ya eafraya kamwe. Wa ghorofani achome nyanya mbili na pilipili kubwa kwenye eafraya yenyewe hadi ngozi ziwe nyeusi, azimenye, azisage ndani ya tui. Haitakuwa sawasawa na makaa, lakini ladha ya kuungua inarudi.

Njia hiyohiyo inafaa kwa ng'onda. Mloweke usiku kucha, badilisha maji mara mbili au tatu, onja kipande, umpe mchemko mfupi, umkaushe. Tui lake lisitiwe chumvi hata chembe. Kwa kuwa ameshaiva, nyuzi 170 na matabaka mawili yanamtosha.

Na sikukuu paja la mbuzi nalo lapakwa. Zima halitaingia kikapuni, mwambie mchinjaji alikate kwenye goti. Lichemshe na tangawizi na kitunguu saumu mpaka lilainike, kwani mbuzi mbichi kwenye eafraya hukauka kabla ya kulainika, kisha lipanguse na ulipake rojo la tende, ukwaju, pilipili manga na supu kidogo, matabaka matatu kwa nyuzi 180. Wakristo wa Ulaya hufanya vivyo hivyo wakati wa Krismasi kwa paja la nguruwe lililokwisha kuiva, hulipaka asali dakika za mwisho. Ndiyo sababu Mwislamu anayeishi nyumba ya kushirikiana na wapangaji wengine huko asitumie eafraya ya wote. Anunue yake, hata ndogo. Na akipewa iliyokwisha kutumika, amuulize sheikh wake namna ya kuitoharisha kabla hajaitia chakula.

Kikapu kioshwe kikiwa bado vuguvugu, kwa maji, sabuni na sponji laini. Tui likilala hadi asubuhi litakuwa gumu, na ukilikwangua kwa waya unatoa ile rangi inayozuia kugandana. Chini ya koili nako papanguswe mara kwa mara, mashine ikiwa imechomolewa na imepoa, maana mafuta yaliyorukia huko ndiyo yanayotoa moshi mchungu mara inayofuata. Samaki aliyebaki asikae mezani zaidi ya saa mbili, na siku ambayo joto limepita nyuzi 32, saa moja tu. Aingie ndani ya friji, aliwe kesho yake, apashwe kwa nyuzi 160 akiwa amefunikwa kwa foili iliyobanwa pembeni hadi awe wa moto kabisa ndani. Pasipo friji, pika kiasi cha kuliwa na kuisha.