Harrier, X-Trail au Vanguard? Hesabu ya Gari la Familia Huku Kwetu

Huku Shinyanga na Geita, mtu akisema amenunua gari jipya hamaanishi limetoka kiwandani. Anamaanisha limeshuka juzi Dar es Salaam kutoka Japani na halijakanyaga vumbi la Kahama. Lenyewe linaweza kuwa na miaka kumi na tano. Basi tunaposema tulinganishe magari mapya ya familia, ndiyo hayo.

Nimelichukua somo hili kwa sababu baba yangu mdogo, mwalimu wa sekondari, anataka kukopa anunue Harrier. Nyumbani ni watu saba pamoja na bibi. Bibi anaishi Kishapu, kliniki yake iko Shinyanga mjini, na mpaka sasa usafiri wake ni bodaboda, mvua inyeshe isinyeshe.

Tuanze na kodi, maana inafundisha asilimia kuliko yale maembe ya vitabuni. Chukua gari ambalo TRA wamelithamini shilingi milioni 10 likifika bandarini (wanatumia thamani yao, sio bei uliyolipa wewe). Ushuru wa forodha 25% unalifikisha milioni 12.5. Juu ya hiyo kuna ushuru wa bidhaa: 5% kwa injini iliyozidi cc 1,000 lakini isiyozidi cc 2,000, 10% ikizidi hapo. Likiwa limevuka miaka kumi, ongeza 30% ya uchakavu. Kisha VAT 18% juu ya jumla yote. X-Trail ya cc 1,998 inafika milioni 19.9, Harrier ya cc 2,362, milioni 20.65. Tozo ndogondogo bado.

Umeona? Vijiweni tunabishana cc, kumbe hapo injini imeongeza laki saba na kidogo tu. Uchakavu peke yake, ukiuchanganya na VAT yake, ni milioni 4.4. Cc zitakuumiza baadaye, kwenye sheli, kila EWURA wakitangaza bei mpya ya mwezi.

Halafu kuna udongo. Geita ni vilima na kifusi chekundu, unapita. Kishapu ni mbuga, ule udongo mweusi unaonata mvua ikinyesha, na hapo gari linalovutwa na tairi za mbele tu linalala. Harrier na RAV4 zilitengenezwa za aina zote mbili, kwa hiyo usidanganywe na urefu wa bodi. Inama chini uangalie kama ekseli ya nyuma inazungushwa. X-Trail za zamani zenye fovili zina kitufe cha kufunga tairi zote zivute pamoja. Kwa mbuga, mimi hiyo naipenda kuliko Harrier.

Tatizo, X-Trail hizo na Harrier zote ni siti tano. Watu saba utawapanga wapi? Toyota Rush mpya ina siti saba na cc 1,500, ila inasukumwa na tairi za nyuma peke yake. Prado ina kila kitu, lakini hiyo waachie wenye maduara ya dhahabu. Inabaki Vanguard: cc 2,362 kama Harrier, asilimia za kodi zilezile, zipo za fovili na zipo za siti saba, japo siti za mwisho ni za watoto. Kagua tu kama injini hailambi oili, maana mafundi wanailalamikia hiyo.

Baba mdogo anasema Vanguard haina sura. Bibi yeye aliuliza kitu kimoja: mlango wake uko juu kiasi gani, magoti yatafika?